Pesa na moshi: je, ni lazima viende pamoja?

Leo tunaongea habari za moshi. Siyo ule mji wenye mnara wa saa, ambako Hiace inakushusha ukienda kununua daftari. Tunaongea moshi wenyewe, ule unaowasha macho. Na tunaongea pesa. Maana hivi vitu viwili vimekuwa vikitembea pamoja kama watoto pacha, na watu wengi wanaamini huwezi kumpata mmoja bila mwenzake. Je, ni kweli?

Hebu simama Marangu Mtoni asubuhi moja ya Julai. Baridi inauma. Kule kwenye vihamba moshi mweupe unapenya katikati ya migomba: akina mama wamewasha moto, uji unachemka. Barabarani magari yanapanda kuelekea geti la hifadhi, yamejaa watalii na mizigo. Yakibadili gia kwenye mwinuko, nyuma yanatema moshi mweusi. Pembeni wanapita vijana wapagazi na mabegi yao, wakiwahi kuandikishwa kazi ya kupanda mlima.

Ukitazama vizuri, kila moshi hapo una riziki ya mtu ndani yake. Moshi wa jikoni ni chakula. Moshi wa gari ni mshahara wa dereva. Na moshi mkubwa kuliko yote huuoni kabisa, kwa sababu umeachwa angani na ndege zilizowaleta wale wageni. Huo nao ni karo ya mtoto wa mpagazi.

Sasa kumbuka mwaka 2020. Korona iliingia, ndege zikasimama. Watalii waliokuja Tanzania mwaka 2019 walikuwa zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020 walikuwa 620,000 hivi. Dunia nzima ilitoa hewa chafu pungufu kwa takriban asilimia 5 mwaka huo. Mtu akiwa mbali anaweza kusema, "Safi sana, dunia imepumua." Lakini muulize mpagazi wa Marangu alipumua namna gani. Kwake ule mwaka wa hewa safi ulikuwa mwaka wa kukopa unga dukani kwa Mangi.

Hapo ndipo penye swali letu. Kama pesa ikija inakuja na moshi, na moshi ukiondoka unaondoka na pesa, tuchague nini?

Moshi usioonekana

Kwanza tuelewane. Kuna moshi wa aina mbili, na ni muhimu usiuchanganye.

Wa kwanza ni ule unaouona: masizi, vumbi jeusi, harufu. Huu unaumiza pale pale ulipo. Unaingia kwenye macho na mapafu ya mtu aliye karibu.

Wa pili ni hewa ukaa. Hii haina rangi wala harufu. Wewe mwenyewe unaitoa sasa hivi ukipumua, na mgomba ulio nje ya dirisha unaitumia kutengeneza chakula chake. Ikiwa kwa kiasi chake siyo sumu. Tatizo lake ni kwamba ikizidi angani inafanya kazi kama blanketi. Joto la jua linaingia, lakini kutoka linatoka kwa shida. Dunia inapata joto taratibu.

Sasa fumbo la kemia. Lita moja ya petroli ina uzito wa robo tatu ya kilo hivi. Lakini ukiichoma, unapata hewa ukaa yenye uzito wa kilo 2.3. Inakuwaje moshi uwe mzito kuliko mafuta yenyewe?

Jibu liko kwenye jedwali la elementi. Kaboni ina uzito wa 12. Ikiungua, kila atomu moja ya kaboni inashika atomu mbili za oksijeni, kila moja ina 16. Jumla 12 + 32 = 44. Yaani gramu 12 za kaboni zinageuka gramu 44 za hewa ukaa. Ule uzito wa ziada umetoka kwenye oksijeni ya hewani. Ndani ya lita ya petroli mna gramu 640 hivi za kaboni. Zidisha kwa 44, gawanya kwa 12, utaona mwenyewe. Kwa hiyo bodaboda anayechoma lita 3 kwa siku anaacha angani karibu kilo 7 za hewa ukaa kila siku, na haoni hata gramu moja.

Kabla ya viwanda kuenea duniani, katika kila molekuli milioni moja za hewa, 280 hivi zilikuwa hewa ukaa. Mwaka 1958, wanasayansi walipoanza kuipima mfululizo huko Hawaii, zilikuwa 315 hivi. Leo zimepita 420. Na joto la wastani la dunia limepanda kwa zaidi ya nyuzi 1 za Selsiasi.

Nani aliifunga hiyo kamba?

Uchumi kukua maana yake ni nini? Usiogope maneno ya magazetini. Maana yake ni kwamba watu wanatengeneza na kuuza vitu na huduma nyingi kuliko mwaka jana. Kahawa nyingi zaidi, safari nyingi zaidi, nyumba nyingi zaidi za matofali. Na kila kazi inahitaji nguvu. Zamani nguvu ilikuwa ya misuli: ya mtu, ya punda, ya ng'ombe. Mtu mwenye jembe la mkono ana kikomo chake.

Kisha Waingereza walijua namna ya kuchoma makaa ya mawe na kuendesha mashine. Mashine moja ikafanya kazi ya mamia ya watu. Viwanda vikaota, reli zikajengwa, meli zikavuka bahari. Baadaye yakaja mafuta ya petroli, kisha gesi. Utajiri wa nchi zilizoendelea ulipanda, na moshi ukapanda nao. Hapo ndipo kamba ilipofungwa: pesa upande huu, moshi upande ule.

Na moshi huo uliwaua wao wenyewe kwanza. Mwezi Desemba 1952, jiji la London lilifunikwa na ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe kwa siku tano hivi. Watu hawakuona hata miguu yao wakitembea. Hesabu ya kwanza ilisema watu 4,000 hivi walikufa, na hesabu za baadaye zikapandisha idadi hiyo mara kadhaa. Mwaka 1956 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya hewa safi. Moshi mweusi ukapungua mjini, watu wakapona, na uchumi haukufa.

Lakini angalia ujanja uliopo hapa. Walipunguza moshi unaoonekana, kwa sababu ulikuwa unawakaba wapiga kura. Hewa ukaa, ambayo haikohozeshi mtu, iliendelea kupanda kwenda angani kwa miaka mingine mingi. Kwa hiyo usikubali mtu akikuambia, "Tukishatajirika, hewa itasafishika yenyewe." Haisafishiki yenyewe. Ilisafishwa na sheria, na ni baada ya watu kulalamika.

Kamba hiyo inaonekana hata kwenye hesabu za siku hizi. Mwaka 2009 dunia ilipoingia kwenye mtikisiko wa fedha, hewa ukaa ilipungua kidogo. Mwaka 2010 biashara zikafufuka, ikapanda tena kwa kasi. Korona nayo ilileta mchezo ule ule. Na Uchina, katika miaka 40 hivi, ilitoa karibu watu milioni 800 kwenye umaskini uliokithiri. Ni jambo kubwa ambalo dunia haikuwahi kuliona. Lakini ilifanya hivyo kwa makaa ya mawe, na leo karibu theluthi moja ya hewa ukaa ya dunia inatoka kwao.

Bili inapofika mlimani

Tuangalie sasa nani ametumia na nani analipa. Ukichukua hewa ukaa inayotokana na petroli, dizeli, gesi na makaa ya mawe, Mtanzania mmoja kwa wastani anatoa kama robo tani kwa mwaka. Mmarekani mmoja anatoa takriban tani 14. Wastani wa dunia ni tani 4.7 hivi. Afrika nzima, yenye karibu mtu mmoja kati ya kila watano duniani, inatoa chini ya asilimia 4.

Tufanye hesabu ya Marangu. Mgeni anayekuja na ndege kutoka Ulaya na kurudi anaacha angani zaidi ya tani moja ya hewa ukaa kwa kiti chake peke yake. Hiyo ni zaidi ya ile ambayo Mtanzania wa kawaida anatoa kwa miaka minne. Hatusemi hivi ili umchukie mgeni. Pesa yake inasomesha watu. Tunasema ili uone ukubwa wa pengo.

Na bili inafikaje kwetu? Wengi wataonyesha kidole juu, kwenye barafu ya Kibo. Ni kweli, kati ya mwaka 1912 na 2007 mlima ulipoteza asilimia 85 hivi ya eneo lililofunikwa na barafu. Lakini tuwe wakweli. Barafu ile ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, kabla magari hayajajaa duniani. Sababu kubwa ni hewa ya kule juu kuwa kavu na theluji kuwa chache. Joto la dunia nalo linachangia, hasa kwa jinsi linavyobadilisha mvua za upande wa Bahari ya Hindi. Mtu akikuambia, "Gari la mjomba wako ndilo limeyeyusha barafu," mjibu kwamba habari ni ndefu kuliko hivyo.

Vilevile, wengi wanadhani barafu ikiisha mito yote itakauka. Siyo hivyo. Sehemu kubwa mno ya maji ya mito na mifongo yetu inatokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Kwa hiyo moto uliounguza mlima Oktoba 2020, na mwingine wa Oktoba 2022, unatuhusu sana, pengine kuliko barafu. Bili ya maji tunaiandika sisi wenyewe tunapochoma na kukata msitu.

Bili nyingine iko kwenye kahawa. Arabika yetu inapenda ubaridi, ndiyo maana ilistawi huku juu na kukijenga chama cha ushirika cha KNCU tangu mwaka 1933. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba usiku kuwa na joto zaidi kuliko zamani kunapunguza mavuno ya arabika nchini Tanzania. Si kahawa zote zilizong'olewa Kilimanjaro ziling'olewa kwa sababu ya joto. Bei mbaya na magonjwa navyo vimo. Lakini fikiria: bibi yako hajawahi kupanda ndege, hana gari, na bado anapokea bili ya moshi wa watu wengine kwenye kikapu chake cha kahawa.

Milango minne

Basi turudi kwenye kamba. Je, inaweza kufunguliwa? Mtaalamu mmoja wa nishati wa Japani, Yoichi Kaya, alitoa hesabu rahisi inayosaidia sana. Alisema hewa ukaa ya nchi inategemea vitu vinne vinavyozidishana:

1. Idadi ya watu.
2. Kipato cha kila mtu.
3. Nguvu inayotumika kupata kila shilingi.
4. Uchafu wa nguvu hiyo, yaani hewa ukaa kiasi gani kwa kila kipimo cha nguvu.

Fikiria nyumba yenye milango minne. Moshi unatoka kwenye yote. Ukitaka kuupunguza, utafunga mlango upi?

Mlango wa kwanza ni watu. Watu walioko wana haki ya kuishi. Tunaweza kuongea habari za uzazi wa mpango na wasichana kubaki shuleni, na kwa afya yenu tunaongea kila mara, lakini mlango huu unafungika polepole sana.

Mlango wa pili ni kipato. Kuufunga maana yake ni kubaki maskini. Nani anataka? Zahanati, maabara za shule, chanjo, barabara, vyote vinataka kipato. Mlango huu kwetu haufungwi, unafunguliwa zaidi.

Mlango wa tatu ni kutumia nguvu kwa akili. Taa ya kisasa inatoa mwanga ule ule kwa umeme mdogo sana kuliko balbu ya zamani. Hiace moja iliyojaa inabeba watu 15 kwa mafuta machache kuliko yale ambayo magari madogo matatu yangemaliza. Maharage yaliyolowekwa usiku yanaiva kwa kuni chache. Hapo hujapoteza kitu. Umekula yale yale kwa nguvu kidogo.

Mlango wa nne ni kubadili nguvu yenyewe: badala ya kuchoma, kutumia maji, jua, upepo na joto la ardhini. Huu ndio mlango mkubwa kuliko yote.

Kwa hiyo jibu la swali letu linaanza kuonekana. Pesa haijafungwa na moshi moja kwa moja. Pesa imefungwa na nguvu, na nguvu ndiyo iliyofungwa na moshi. Ukikata kamba hiyo ya pili, ya kwanza inabaki salama.

Kuna aliyeweza?

Uingereza, nchi iliyoanzisha haya mambo, ilizima kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe tarehe 30 Septemba 2024. Gesijoto inayotolewa ndani ya nchi hiyo imepungua kwa karibu nusu tangu mwaka 1990, na wakati huo huo uchumi wake umekua kwa zaidi ya theluthi mbili. Yaani kamba imelegea kweli.

Lakini usipige makofi haraka. Sehemu ya vitu wanavyotumia siku hizi vinatengenezwa Asia, na moshi wake unahesabiwa huko. Ni kama mtu anayejisifu jikoni kwake hakuna moshi, kumbe chakula anapikiwa kwa jirani. Hata ukihesabu na moshi huo wa jirani, bado wamepunguza, ila siyo kwa kiasi kile wanachotangaza.

Njoo karibu zaidi. Wenzetu wa Kenya wanachimba mvuke wa moto kutoka ardhini kule Olkaria, karibu na Naivasha, tangu mwaka 1981. Sehemu kubwa ya umeme wao leo unatokana na mvuke huo, maji, upepo na jua.

Na sisi? Maji yanayoteremka kutoka Kilimanjaro na Meru yanaingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, yanaendelea na Mto Pangani, na njiani yanazungusha mitambo ya umeme mpaka karibu na pwani. Kule Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kutoa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Mwaka huo huo treni ya umeme ilianza kubeba abiria, kwanza kati ya Dar es Salaam na Morogoro, kisha mpaka Dodoma. Abiria amefika mapema, na kichwa cha treni hakikuchoma dizeli. Huo ni mfano wa uchumi unaokimbia bila kuacha moshi mwingi nyuma.

Bado kuna mitihani. Umeme wa maji unategemea mvua. Waulize wazazi wako habari za mgawo wa umeme wa miaka ya 1990, au ule wa 2006 na 2011. Maji yalipopungua kwenye mabwawa, viwanda vilisimama na saluni ziliwasha jenereta za dizeli. Ndiyo maana tunachoma pia gesi asilia, kutoka Songo Songo tangu mwaka 2004, na baadaye kutoka Mtwara. Gesi nayo inatoa hewa ukaa, ingawa ni kidogo kuliko makaa ya mawe. Hata hivyo sola imeshuka bei sana: paneli ya mwaka 2020 ilikuwa inauzwa kama sehemu moja ya kumi ya bei ya mwaka 2010. Wazee wetu hawakuwa na chaguo hilo. Ninyi mnalo.

Moshi ulio karibu zaidi

Sasa turudi nyumbani, kwenye ule moshi mweupe unaopenya kwenye migomba. Hapa ndipo gazeti hili la afya linapiga kelele zaidi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Wamo watoto wadogo waliopata nimonia, na watu wazima waliopata kiharusi, maradhi ya moyo na maradhi ya mapafu. Moshi huo huo unachangia mtoto wa jicho kwa akina mama wanaopikia kwenye mafiga miaka nenda miaka rudi. Umewahi kujiuliza kwa nini bibi anafuta macho kila anapopuliza moto, na kwa nini kikohozi chake hakiishi? Wengine wanasema ni uzee. Mara nyingi ni jiko.

Na hapa uchumi unafanya kitu cha ajabu. Huu moshi wa jikoni haupandi na utajiri, unashuka. Familia ikipata kipato, inatoka kwenye kuni, inakwenda kwenye mkaa, kisha gesi au umeme. Mapafu yanapona. Kwa hiyo mtu akituambia Waafrika tusikue ili hewa ya dunia ibaki safi, anatuambia bibi aendelee kukohoa.

"Lakini gesi ya mtungi si inatoa hewa ukaa?" utauliza. Ndiyo. Mtungi wa kilo 6 ukiisha umetoa kilo 18 hivi. Linganisha na ile tani moja na zaidi ya kiti cha ndege: ni zaidi ya mitungi 55. Halafu kumbuka kwamba mkaa unaangusha miti, na mti usiopandwa tena haurudishi hewa ukaa yake. Kwa familia inayotumia mkaa, kuhamia gesi ni faida kwa mapafu na kwa msitu. Ukipata umeme ni bora zaidi. Sufuria ya presha ya umeme inaivisha maharage kwa umeme usiofika uniti moja.

Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, na lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 kati ya kila 100 wawe wanaitumia. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku, shule zikiwemo, zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa. Je, jiko la shule yenu likoje? Mpishi wenu anakohoa?

Sasa mimi nifanye nini?

Huna kiwanda, huna ndege. Lakini yapo unayoweza.

Usilale na jiko la mkaa chumbani. Tunaliweka la kwanza kwa sababu linaua usiku mmoja. Huku mlimani Juni na Julai baridi inawashawishi watu kuingiza jiko ndani na kufunga madirisha. Mkaa usiopata hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na kwenye damu inakalia kiti cha oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Ukimkuta mtu hivyo, mtoe nje kwenye hewa safi haraka na mumwahishe hospitali. Wewe usikae ndani ya chumba hicho. Ukisikia baridi, ongeza blanketi au lala na soksi. Si ushamba.

Punguza moshi wa jikoni leo, kabla pesa ya gesi haijapatikana. Tumia kuni kavu. Funika sufuria. Loweka maharage. Fungua dirisha, au saidianeni kujenga jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi. Usimwache mtoto mchanga mgongoni mwa anayepika kwenye moshi. Na wewe kijana wa kiume, jikoni siyo kwa dada yako tu. Ukipika wiki moja kwenye mafiga, utaelewa makala hii kuliko mtu yeyote.

Linda msitu. Usiwashe moto hovyo unapotafuta asali au kusafisha shamba. Panda miti ya asili kwenye kingo za mfongo.

Soma hesabu na fizikia bila kuogopa. Mafundi wa sola, wahandisi wa mabwawa, watu wa kuchimba jotoardhi, madereva wa treni ya umeme: hizo ni kazi zenye mshahara. Mlango wa nne unataka watu wa kuufunga, na wanaweza kutoka Marangu.

Ndugu msomaji, mtu asikudanganye kwamba kuna mambo mawili tu: kubaki maskini na hewa safi, au kutajirika na kukohoa. London walitajirika wakakohoa kwanza, halafu wakatafuta dawa. Sisi tunaijua dawa kabla ya kuumwa sana. Haki ya kukua tunayo, na bili kubwa tunawadai walioanza kuchoma zamani. Lakini kwa njia gani tukue, hilo tunachagua wenyewe, kuanzia nyumba ya umeme mpaka jiko la bibi.

Jadilini darasani

1. Kati ya ile milango minne, nyumbani kwenu mnaweza kuanza na upi wiki hii bila kutumia pesa?
2. Pimeni kuni zinazochomwa na jikoni la shule kwa siku moja. Kwa mwezi ni kiasi gani? Zinatoka wapi?
3. Watalii wakipungua ili ndege zipungue, Marangu itaishi kwa nini? Kundi moja litetee upande wa wapagazi, kundi jingine upande wa wakulima wa kahawa.
4. Muulize bibi au mama: moshi wa jikoni unamsumbua tangu lini? Msikilize mpaka amalize.